Chumba Anamolala Kasuku

Mwanangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima wa mwili na mtulivu wa moyo, na kama kazi ya kiwandani imekuchosha, basi zikukute umekwisha kuvua viatu na kukaa. Natumaini bega lililokuwa likikuuma kwa kuinamia cherehani limepata nafuu, na kwamba wenzako wa chumbani wamepunguza redio kama ulivyowaomba. Mimi baba yako sijambo, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi huanza kulalamika kabla sijayapa sababu. Mwanao Kasuku naye yu hai, na anapumua vizuri. Nimeyatanguliza maneno hayo kwa kuwa nakujua: ungeruka mistari yote kuyatafuta.

Nakuomba radhi kwa kukuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu mwenye uchungu hupata nafasi ya kusema kabla mwenye habari hajamaliza, nami habari yangu ikikatizwa katikati itaonekana mbaya kuliko ilivyo. Nimemsihi dereva wa lori la mbao aikabidhi barua hii mkononi mwako. Tafadhali isome yote, hata pale utakapotamani kuikunja na kuitupa.

Sijasahau ulivyoniachia mtoto. Pale stendi, basi likiwa limekwisha kuwasha injini, ulinishika mikono yote miwili ukaniambia kwamba liwalo na liwe, hata nyumba ikiungua, Kasuku asilale kwa mama mkwe wako, hata usingizi wa mchana. Nikakuahidi. Sikukuuliza sababu kwa kuwa siku ya msiba wa mumeo nilikuwa nimeketi pale sebuleni kwenu, kofia mapajani, wakati yule mama alipoingia chumbani mwako bila hodi na kutoka ameinua kidole alichokipitisha juu ya kabati. Alikizungusha mbele ya wanawake waliokuwa wamekaa mkekani, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia waangalie, hili ndilo lililomuua mwanawe; kwamba kwake kijana alilala pasafi utoto wake wote na hakuna aliyemzika, akaja kwako kulishwa vumbi. Nilikuona ulivyosimama. Uliingia ndani ukaanza kufungasha nguo za mtoto.

Kwa hiyo ahadi ile niliijua uzito wake. Lakini nilijua pia kwamba Kasuku amerithi kifua cha baba yake, na kwamba kifua hicho kimekwisha kutuzikisha mtu. Mambo yote nitakayokueleza, mwanangu, yalinikuta nimesimama kati ya hayo mawili: pumzi ya mtoto wako, na neno nililokupa.

Kiangazi cha mwaka huu kimekuwa kikali. Malori ya kokoto yamehamishiwa kwenye barabara yetu, na kila likipita moja, nyumba zote za upande huu hukohoa. Kasuku alianza kwa kukohoa kidogo alfajiri, kisha akawa anaamka usiku na kuketi. Nikampeleka zahanati. Muuguzi, mama mmoja mwenye subira, alituketisha akatueleza kwamba dawa peke yake haitoshi. Chumba anamolala mtoto wa namna hii kinapaswa kuwa kitupu na kisicho na vumbi, kwa sababu mtu humaliza saa nyingi mno akiwa amelaza pua yake mahali pamoja. Tutoe zulia. Tutoe mapazia mazito, mito ya sufi, blanketi la manyoya na kila kitu kinachohifadhi vumbi. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Godoro livikwe mfuko wa nailoni. Sakafu na fanicha vipanguswe kwa kitambaa kibichi, na dirisha lifunguliwe saa ambazo barabara imetulia.

Mchumba wangu, huyo mjukuu, aliyashika maneno yote hayo kama wimbo. Tulipokuwa tukirudi alikuwa akinihoji njiani, na nikikosea ananirudisha mwanzo. Tangu siku ile akawa afisa wa nyumba. Aliniamuru nivue kofia kabla ya kuingia chumbani, kwa maelezo kwamba kofia yangu ni ya zamani kuliko mama yake. Jirani yetu seremala, yule mnayemwita Randa, alizuiwa mlangoni kabisa na kuambiwa kwamba yeye ni vumbi linalotembea. Randa alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakuingia.

Nilimpa Kasuku kile chumba cha kwangu na marehemu mama yako, kwa kuwa ndicho pekee kisichotazama barabara, nami nikahamia sebuleni. Kukitoa vitu hakukuwa kazi ndogo. Unajua vitabu vilivyokuwa mle: kila kilichoharibika katika kiwanda cha vitabu nilikofanya kazi, kila chenye kurasa zilizopinduka nilipokuwa nikivijalidi, nilikuwa nikija nacho nyumbani kwa kukionea huruma. Nikavitoa vyote. Nikatoa zulia. Nikatoa mito aliyoishona mama yako kwa mkono wake, na kila nilipotoa kitu nilimwomba radhi kwa sauti, hata Kasuku akaniuliza nazungumza na nani. Nikamjibu nazungumza na mwenye vitu. Akakubali, akasema nimwambie mwenye vitu kwamba ni amri ya muuguzi.

Randa alinipa nailoni nzito, nami nikaishona kuwa mfuko wa godoro kwa ile sindano yangu ya kujalidia, mshono ambao, nisijisifu, maji yasingepita. Lakini Kasuku hakuupenda. Alisema unapiga kelele akigeuka na unamtoa jasho mgongoni, na usiku mmoja alilia kwa sababu yake. Nikauvua. Nilijiambia hakuna madhara, kwa kuwa mimi ninayo njia yangu ya kulisafisha godoro, njia niliyofundishwa tangu utoto.

Hapa nakuomba uvumilie maelezo. Katika bweni la misheni, kila jioni kabla ya sala ya kulala, tulifunga madirisha, tukasimama kila mtu kando ya kitanda chake, na kengele ikilia tunayapiga magodoro kwa fimbo mpaka mikono iume. Kisha tunafagia. Kisha Bruda, mtawa aliyetusimamia, anapita na kitambaa cheupe, na ole wake ambaye kitanda chake kilitia doa. Tulilala hapo hapo, tukiwa tumechoka na kujiona watakatifu. Sikumbuki hata mvulana mmoja mwenye pumu katika bweni lile. Leo nafahamu kwamba pengine walikuwa wamekwisha kurudishwa kwao.

Basi ndivyo nilivyofanya. Asubuhi nilipangusa kwa kitambaa kibichi kama muuguzi alivyoagiza, sikukosa hata siku moja. Na jioni, Kasuku akiwa sebuleni anavaa nguo za kulalia, nilifunga dirisha, nikafunga mlango ili vumbi la barabarani lisije likaniharibia, nikalipiga godoro, nikafagia hadi pembeni. Kisha nikamwita. Nilitaka apande kitandani wakati chumba kiko katika usafi wake wa juu kabisa, kabla ya chochote kutua.

Akazidi kukohoa. Nilimsikiliza nikiwa sebuleni. Kifua chake kilipiga mluzi, kikanyamaza, kikapiga tena, na katika kule kunyamaza nilikuwa nikijikuta nimesimama katikati ya nyumba bila kujua nimeinuka saa ngapi. Mchana alisinzia darasani. Mwalimu wake alinitumia ujumbe wa adabu, akiuliza kama mtoto anapata nafasi ya kulala. Nilifedheheka. Jioni ile nilipiga godoro mara dufu. Randa, aliyekuwa akifunga karakana yake, aliniuliza kupitia ukutani godoro hilo limenikosea nini, au limekopa na halitaki kulipa. Sikumjibu vizuri, na baadaye nilikwenda kumwomba radhi. Lakini unaona, mwanangu: kadiri alivyozidi kuugua ndivyo nilivyozidi kusafisha, na kadiri nilivyosafisha ndivyo alivyozidi kuugua, nami sikuuona uzi ulioviunganisha vitu hivyo viwili.

Ndipo mama mkwe wako alipokuja.

Nadhani habari aliipata shuleni, maana mwalimu yule anapanga kwake. Alikuja jioni, akapiga hodi getini. Nilitoka nikiwa na fimbo mkononi na vumbi kwenye nyusi. Nikamsalimu kwa heshima zote, nikamwuliza habari za nyumbani, na sikufungua geti. Alikuwa amevaa nguo zake za msiba bado. Nilishindwa kumruhusu aingie, na nilishindwa pia kumwacha mama wa umri ule amesimama barabarani. Nikaingia ndani, nikachukua kigoda, nikampitishia juu ya geti. Akakitazama kigoda, akanitazama mimi, akaniambia, Mkwe, unanifungia geti kwa adabu nyingi mno. Lakini akakaa. Tukazungumza hivyo, yeye nje na mimi ndani, kila lori likipita anafunika uso kwa mtandio na kuufunua tena akiwa mweupe zaidi.

Alisema hakuja kugombana. Anataka kumwona mjukuu wake. Nikamweleza kwamba nina maagizo, na kwamba maagizo si yangu. Akasema anayajua ni ya nani. Wakati ule ule Kasuku akakohoa ndani, kikohozi kirefu kile kisichoishia mahali, na yule mama akainuka kwenye kigoda kama mtu aliyeguswa na umeme. Alisema kikohozi hicho anakifahamu kuliko jina lake. Aliniomba afunguliwe dakika moja tu amsikilize kifua. Mwanangu, mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Nikauondoa. Nikamwambia samahani, nikarudia samahani, nadhani nilisema samahani mpaka neno lenyewe likakosa maana. Akainua kigoda, akanirudishia juu ya geti, akaenda zake.

Baada ya siku chache za upepo mkali, Kasuku alinyamaza. Nasema alinyamaza, na wewe unamjua mwanao. Mtoto huyu huongea hata akiwa na mswaki mdomoni. Jioni hiyo nilimaliza kazi yangu chumbani, nikamwita, akapanda kitandani akinisimulia habari ya rafiki yake aliyemeza kifungo, na katikati ya habari hiyo akakoma. Nilidhani anafikiri. Nilipomgeukia niliona mabega yanapanda na kushuka, na shimo la shingo linazama ndani kila anapovuta. Nikampa pampu yake ya dawa ya kuvuta. Akavuta. Nikampa tena. Alikuwa ananitazama machoni, haogopi, ananitazama tu kama mtu anayengoja mkubwa atengeneze kitu. Midomo yake ilikuwa imeanza kupoteza rangi.

Nilimbeba hadi nje nikaita. Sijui niliita nini. Randa alitoka na vumbi lake lote, akamchukua mikononi mwangu, akaingia katikati ya barabara na kusimama mbele ya lori la kokoto. Dereva alifunga breki, akafungua mdomo atukane, akamwona mtoto, akaufunga. Alitupakia mbele, akaweka kiganja juu ya honi, na hakukiondoa mpaka mlangoni mwa hospitali. Njia nzima nilimsihi Kasuku amalizie habari ya kifungo. Hakuweza kunijibu.

Walimvalisha barakoa yenye mvuke wa dawa. Tuliketi hapo, sikuweza kuutazama uso wake, nikawa natazama vidole vya miguu. Baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka, vidole vile vilianza kuchezacheza. Daktari, binti wa rika lako, alisema amepita pabaya lakini amepita. Kisha akanivuta kando aniulize mtoto analala wapi.

Nilimweleza kila kitu, na nakiri nilieleza kwa fahari kidogo, kwa kuwa nilitaka ajue kwamba mtoto huyu hatunzwi ovyo. Nikamtajia zulia, mapazia, mito. Akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri sana, mzee. Nikamtajia fimbo. Akaacha kuitikia. Akaniuliza, kwa upole uliokuwa mzito kuliko ukali, kama godoro nilikuwa nikilipigia nje au ndani. Nikasema ndani. Dirisha likiwa wazi? Nikasema limefungwa. Akauliza ni muda gani hupita baina ya kupiga na mtoto kulala. Nikamwambia haupiti kabisa, mara tu, ili apande kitanda kikiwa kisafi. Na wakati ninasema maneno hayo, mwanangu, ndipo nilipoyasikia.

Daktari hakunilaumu. Alinieleza kwamba vumbi la godoro likilala halidhuru kama likiamshwa. Kwamba ninalolipiga haliendi popote katika chumba kilichofungwa, bali huelea hewani na kungoja mtu aje kulivuta. Na kwamba mfuko niliouvua ndio ungelizuia. Nilimshukuru. Nilipogeuka, nikaona kwenye benchi la ukumbini ameketi mama mkwe wako. Randa alikuwa amempigia simu bila kuniuliza. Yule mama alikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno.

Nilingoja kidole. Nakwambia kweli, nilisimama mbele yake kama nilivyosimama mbele ya Bruda, nikingoja akiinue mbele ya wagonjwa na wauguzi aseme huyu ndiye. Alikuwa amefumbata mikono mapajani, hata kidole kimoja hakikutoka. Alisema tu, Mkwe, tumzungumzie mtoto. Mimi na mwanao tutagombana baadaye, tuna maisha yetu yote ya kugombana.

Daktari akatukuta hapo. Akasema Kasuku ataruhusiwa, lakini asirudi kwenye chumba kile. Kinapaswa kuoshwa kuanzia dari, godoro libadilishwe, na hata hivyo asingemshauri mtoto huyu alale kwenye barabara ile mpaka mvua zinyeshe au malori yahamishwe. Akauliza kama familia ina nyumba nyingine. Ilimbidi aniulize kama nimemsikia. Mama mkwe wako alikuwa anatazama sakafu, na nilifahamu kwamba ananingoja mimi, na kwamba nikisema hapana atainuka aende zake kama alivyoinuka pale getini.

Mwanangu, nilikutafuta kwenye simu. Ulikuwa zamu ya usiku, na simu zenu huwekwa kwa mlinzi. Sitakudanganya kwa kusema kwamba ningepata ruhusa yako ningekuwa na amani zaidi, kwa kuwa nilikwisha kujua nitafanya nini ruhusa ikikosekana.

Jumapili uliponipigia ukataka kusema naye, nilikuambia Kasuku amelala. Ilikuwa kweli. Sikukuambia amelala wapi. Amelala kwa mama mkwe wako, katika chumba alichokulia baba yake, na barua hii naiandika juu ya meza ya yule mama, wakati yeye yuko uani anaanika shuka.

Sikumwacha peke yake. Nimelitimiza neno lako kwa kipande kidogo kilichobaki: ninalala hapa sebuleni kwenye kochi, na nilimwambia mama mkwe wako mbele ya daktari kwamba mtoto yuko hapa kwa ajili ya kupumua tu, na mengine yote yanakungoja wewe. Alikubali. Watu, bila shaka, wamepata la kusema kuhusu mjane wa kiume aliyehamia kwa mjane wa kike. Randa amelalamika kwamba nimeoa bila kumwalika. Namsamehe kwa kuwa alisimama mbele ya lori.

Chumba chenyewe ni sakafu, kitanda, dirisha na pazia jepesi linalofuliwa kila wiki. Godoro limevikwa mfuko, na juu yake shuka mbili za pamba, hivyo halipigi kelele. Kila asubuhi Kasuku akishakwenda shule, yule mama hupanga vitambaa vibichi, huanza juu ya fremu ya mlango na kushuka, anamalizia kwa magoti chini ya kitanda, na anapotoka dirisha hubaki wazi mpaka malori ya barabara kuu yaanze. Koti langu limekatazwa kupita mlango wa chumba. Aliniambia libaki nje, nami pia nikiweza. Kasuku analala tangu giza linapoingia hadi anapoamshwa, mdomo umefumbwa, na jana niliitwa na mwalimu kuambiwa kwamba anaongea sana darasani. Niliitoa kofia nikamshukuru.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nichukue kalamu.

Nimezoea kumsaidia yule mama kukamua vitambaa. Asubuhi moja, akiwa amepiga magoti kando ya mguu wa kitanda na amenipa mgongo, alisema bila kuulizwa kwamba mwanawe alikabwa na pumu humu humu. Si mara moja. Katika chumba hiki hiki, kikiwa kimepanguswa hivi hivi, alimbeba usiku akiwa mtoto mdogo kuliko Kasuku, na tena akiwa kijana mwenye ndevu, na madaktari walimwambia tangu zamani hizo kwamba vumbi ni mlango mmoja tu. Ugonjwa ule una milango mingine, baridi, moshi, mafua, hata huzuni, na usafi wa mama hauwezi kuifunga yote. Alisema alilijua hilo siku ile ya msiba alipoinua kidole. Alilijua wakati kidole kiko hewani. Alitaka tu pawe na mtu wa kunyooshewa, na wewe ndiye uliyekuwa umesimama karibu.

Nilikiweka kitambaa chini. Aliniomba nisikuambie. Alisema halitamkwi kwenye simu, wala karatasi haiaminiki. Atakuambia mwenyewe ukiwa umesimama mbele yake, kama siku hiyo ipo. Nikampa neno langu.

Na sasa nimelivunja, mezani kwake, kwa wino wake. Katika kazi yangu nilishona kurasa za watu wengi bila kumsimulia mtu yaliyokuwamo, na sikuwahi kudhani kwamba uzeeni nitavunja ahadi kwa wanawake wawili, kila mmoja ya kwake. Lakini siwezi kukuita uje katika nyumba hii ukiamini kwamba anayekufungulia mlango anakudhani muuaji wa mumeo. Hakudhani hivyo hata siku ile. Hukumuua, mama yangu. Mlilala naye katika chumba kama vyumba vya watu wote.

Omba ruhusa uje, hata kwa siku chache. Ukitaka kumchukua Kasuku, tutatafuta pamoja mahali pengine pasafi. Ukitaka kunikasirikia, nitasimama nisikilize mpaka umalize. Ila nakuomba jambo moja. Yule mama atakapokuketisha na kuanza kusema, atasema polepole, na huenda akaanzia mbali. Usimsaidie. Usimwonyeshe kwamba unajua anapokwenda. Lisikilize kana kwamba hujawahi kulisikia.

Nakukabidhi kwa Mungu anayekesha sisi tukilala. Wasalimie wenzako wa chumbani na mkuu wa zamu yenu. Randa anakusalimu kwa kelele. Kasuku anasema nikuandikie kwamba kile kifungo kilitoka.

Nabaki, kwa upendo na kwa kukuomba radhi,

Baba yako.